Gari la marehemu: karatasi itangulie, grenda ifuate

BARUA ya wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Ilala. Nimeisoma mara mbili, maana ndani yake kuna gari, kuna marehemu, kuna ndugu wawili wasiosikilizana na kuna fundi mwenye haraka. Vinne hivyo vikikutana uani kwa mjane, ugomvi hauko mbali.

Anasema mumewe aliacha Volkswagen lile la umbo la kobe, injini nyuma, ambalo kadi yake imeandikwa mwaka 1973. Limekaa chini ya mwembe miaka mingi hadi kuku wakaona ni banda lao. Mwaka huu vijana wake wamechanga fedha walifufue, na wameapa kwamba dada yao wa mwisho atakapoolewa, ataondoka nyumbani ndani ya gari la baba. Fundi bodi kutoka Gerezani akaja, akainua kapeti, akachokoa sakafu kwa bisibisi; bisibisi ikatokea upande wa pili. Ushauri wake ni kwamba wasipoteze muda na viraka. Amepata chasisi nzima ya Volkswagen jingine lililokufa Morogoro, haina kutu. Bodi ya gari la marehemu itafunguliwa na kushushwa juu ya hiyo, kisha namba ya zamani itakatwa na kuchomelewa kwenye chasisi ngeni. Kazi ya nusu saa, anasema. Kijana mkubwa amekubali na ametoa kianzio. Mdogo amegoma, anasema hiyo ni kesi. Mama anauliza amsikilize nani.

Mama, msikilize mdogo. Lakini fundi usimfukuze kwanza, maana kazi ya kuliokoa gari hilo ipo, ni halali, na pengine ni ya bei nafuu kuliko hiyo ya Morogoro. Tatizo ni kwamba ameanza na grenda mahali ambapo ilipaswa kuanza karatasi.

Volkswagen hilo limeundwa kwa namna yake. Chini kuna chasisi: bomba kubwa la chuma linalopita katikati kutoka mbele hadi nyuma kama uti wa mgongo wa samaki, na pande zake mbili yamechomelewa mabati ya sakafu. Juu yake imekaa bodi, imefungwa kwa boliti, inainuliwa yote ikawekwa pembeni kama kawa juu ya chakula. Namba ya chasisi imegongwa juu ya huo uti wa mgongo, chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti utaiona, kama kuku hawakuifunika. Namba hiyohiyo imeandikwa pia kwenye kibati kilichobanwa kwa ribiti kule mbele, kwenye buti, nyuma ya tairi la akiba. Namba ya injini ni nyingine, imegongwa kwenye injini yenyewe.

Sasa tazama kinachooza. Betri ya gari hilo hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kwa miaka mingi tindikali hudondoka kidogokidogo, maji ya mvua yanaingia kupitia mipira ya vioo iliyokauka, na upepo wetu wa chumvi unamalizia. Bati la upande wa betri ndilo hufa la kwanza, kisha la upande wa pili. Uti wa mgongo wenyewe, wenye chuma kilichokunjwa na kufungwa, mara nyingi hubaki mzima. Kwa maneno mengine, sehemu iliyooza inaweza kukatwa yote, kushoto na kulia, na mabati mapya yakachomelewa, bila grenda kusogelea namba hata kidogo. Kwa gari la aina hii, duniani kote, ndivyo wanavyofanya.

Na huhitaji kuagiza mabati hayo Ulaya. Kariakoo, eneo lililopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, hadi leo lina watu wanaobeba mizigo mizito ya ufundi mikononi. Pale Gerezani kuna wanaume wanaochukua bati la geji 18, wakalipiga nyundo juu ya kipande cha reli, wakakutolea sakafu yenye mikunjo ileile ya kiwandani. Ninachomsihi mama ni kwamba apeleke bati la zamani kama kielelezo, lisitupwe.

Lakini kwa nini nasema kuhamisha namba ni kesi, wakati gari ni la marehemu, kadi ipo na nia ni njema?

Kwa sababu nia haionekani kwenye chuma. Mkaguzi wa magari akiinua kiti na kukuta kipande chenye namba kimezungukwa na mshono wa kuchomelea, anaona kitu kimoja tu: namba hii haikuzaliwa hapa. Ndivyo wezi wa magari wanavyofanya. Wananunua gari lililokufa lenye kadi safi, wanachukua namba yake, wanaivika kwenye gari la wizi lenye umbo kama hilo. Gari la marehemu mwenye nia njema na gari la mwizi, ukiyaweka pamoja kwenye yadi ya polisi, yana kovu moja. Utakaa chini ya mti unajieleza, gari limezuiwa kama kielelezo, na maelezo yako yanaanza na sentensi mbaya: tulikata wenyewe.

Halafu kuna hiyo chasisi ya Morogoro. Nayo ina namba yake, na namba hiyo ni ya mtu. Iko kwenye kadi ya nani? Mwenye nayo aliiuza au iliibwa? Fundi akikata namba ya marehemu na kuipachika, lazima aifute ile ya pili, na hapo ndipo mzaha unapoisha. Kufuta namba ya chasisi ni jambo ambalo hakuna polisi wa nchi yoyote atakayelichukulia kama utengenezaji wa bodi. Tena haifutiki vizuri kama mafundi wanavyodhani. Nyundo inapogonga namba, huminya chuma hadi chini zaidi ya pale macho yanapoona. Unaweza kusaga hadi pakawa laini kama kioo. Mtaalamu wa maabara akipaka tindikali maalumu, tarakimu hujichora tena taratibu kama wino ulioloa maji. Njia hiyo imetumika miaka mingi kwenye magari na kwenye bunduki.

Usajili wa magari hapa kwetu uko mikononi mwa TRA, na gari linatambuliwa kwa yale yaliyoandikwa kwenye kadi: namba ya chasisi, namba ya injini, aina, umbo la bodi, rangi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari kutoa taarifa pale mambo hayo yanapobadilika. Wengi tunajua habari ya rangi, maana rangi inaonekana barabarani. Injini tunaisahau. Ni magari mangapi ya zamani hapa mjini yanatembea na injini ya Toyota huku kadi bado inataja ile ya kwanza? Siku ya kuuza ndipo kilio kinapoanza. Chasisi haimo kabisa katika kundi hilo la mabadiliko ya kawaida. Rangi ni nguo, injini ni moyo unaoweza kupandikizwa, lakini chasisi ndiyo mtu mwenyewe. Ukibadili chasisi hujatengeneza gari la baba. Umenunua gari la Morogoro ukalivalisha koti la baba.

Waingereza, ambao wana ugonjwa wa kupenda magari ya zamani kuliko sisi tunavyopenda Simba na Yanga, kwa miaka mingi walitumia hesabu ya alama kwa magari yaliyobadilishwa sana. Ili kubaki na usajili wake wa zamani, gari lilihitaji alama 8. Chasisi au bodi-chasisi ya asili, au mpya isiyobadilishwa ya aina ileile, ilikuwa na alama 5. Mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini yenyewe, hiyo tunayoisifu sana, alama 1 tu. Na bila zile 5 za chasisi, hayo mengine hayakuokoa kitu. Marekani nako, sheria ya shirikisho inamtishia kifungo cha hadi miaka 5 mtu anayeondoa au kubadili namba ya gari kwa makusudi, lakini inamwondoa kwenye kosa fundi ambaye matengenezo yenyewe yamemlazimu kuigusa. Wametofautisha kutengeneza na kuficha. Hapa kwetu tofauti hiyo mama ataionesha kwa karatasi zake, na kwa kuzitoa mapema.

Sasa vijana wafanye nini, tuseme kuanzia Jumatatu?

Wainue kiti cha nyuma na kusafisha pale penye namba kwa mafuta ya taa, kitambaa na brashi laini ya shaba. Grenda hapana, msasa mkali hapana, na yule kijana mwenye mashine ya kupulizia mchanga aambiwe mapema kwamba hapo asipite. Wapige picha za karibu, kisha picha za mbali zinazoonesha gari zima pamoja na namba ya usajili, ili mtu asije akasema ni picha ya gari jingine. Kisha wafanye ule mchezo wa utotoni: karatasi nyembamba juu ya namba, penseli isuguliwe kwa ulalo, namba itoke kwenye karatasi kama tulivyokuwa tukitoa kichwa cha Mwalimu kwenye shilingi. Karatasi hiyo ina faida ambayo picha haina, maana inaonesha ukubwa na nafasi ya kila tarakimu kama ilivyogongwa kiwandani.

Walinganishe na kibati cha mbele na walinganishe na kadi. Hapa nawaandaa kwa mshtuko mmoja. Volkswagen za umbo hilo za miaka hiyo, tarakimu mbili za kwanza mara nyingi ni 11, na ya tatu inataja mwaka wa modeli. Kiwanda kilikuwa kinaanza modeli ya mwaka unaofuata mwezi Agosti. Kwa hiyo gari lililotengenezwa Septemba 1973 linaweza kuanza na 114 ingawa kadi inasema 1973. Hiyo si kughushi, na vijana wasianze kumshuku marehemu. Kinachotakiwa ni tarakimu zote zilizo kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye kadi. Zisipolingana kwa tarakimu moja, pengine karani wa zamani alikosea kunakili, jambo hilo lipelekwe TRA lirekebishwe kabla ya kazi yoyote, wakati chuma bado hakijaguswa na kila mtu anaweza kukiona.

Kisha waende kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani wakiwa na kadi, picha na maelezo mafupi ya kazi inayokusudiwa: sakafu ya kushoto na kulia inabadilishwa, uti wa mgongo na namba havitaguswa. Waombe alikague gari kabla ya kukatwa, na wabaki na nakala ya chochote kitakachoandikwa. Najua mtu atasema nawatafutia usumbufu, kwamba gari halitembei, nani atajua? Atajua yule atakayeliona likitembea. Gari la zamani lililopakwa rangi mpya halipiti kimya Barabara ya Uhuru. Kila trafiki atataka kulitazama, na nusu yao kwa mapenzi tu.

Wakati wa kazi, fundi afunike namba kwa kipande cha bati au kitambaa kizito kilicholoa, cheche zisiichome. Puti isipakwe juu yake. Rangi ikipita hapo iwe nyepesi, ya kuzuia kutu tu, ili tarakimu zisomeke kwa macho bila kukwangua. Kibati cha mbele kisitolewe kama hakuna haja. Kama bati lililokibeba limeoza na lazima kitoke, kipigwe picha na ribiti zake kwanza, kihifadhiwe na mama mwenyewe, si kwenye kopo la boliti la fundi, na kirudi mahali pake palepale. Vibati vina miguu katika gereji zetu.

Wapo wasomaji wenye magari mengine ambao tayari wananiuliza kimoyomoyo. Land Rover za zamani zina namba kwenye chasisi, mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikwa. Land Cruiser za miaka ya sabini nazo zina namba kwenye reli ya kulia ya chasisi, mbele. Wenye magari hayo wana raha: milango, boneti, madigadi, hata kabati zima linaweza kubadilishwa na namba ikabaki chini imetulia. Kazi ngumu iko kwenye magari ambayo bodi na chasisi ni kitu kimoja, kama Peugeot 504, Datsun na Corolla za zamani. Humo namba imegongwa kwenye bati la bodi lenyewe, mara nyingi ndani ya chumba cha injini, na bati hilo huoza kama mabati mengine. Hapo fundi mzuri hukata kwa kuzunguka, akaacha dirisha la bati la asili lenye namba likiwa limeshikana na sehemu nzima iliyo jirani, bila kulitenganisha kabisa na gari. Kama kutu imeila hata sehemu hiyo, hapo hakuna ufundi wa kunishauri wala wa kukushauri. Gari liletwe kwa mkaguzi, au mkaguzi aje kuliona, na TRA waeleze kwa maandishi namna ya kuendelea kabla ya chochote kukatwa. Zile nusu-gari zinazoletwa zimekatwa katikati nazo zina namba zake; nunua, lakini ukate humo kile unachohitaji tu, na ukuta wenye namba ya mtu usiuchomelee kwenye gari lako.

Wakati mwingine utakutana na dalali anayekunong'oneza kwamba ana kadi tupu, haina gari. Pita.

Turudi kwa mama, maana kuna jambo barua yake imelitaja kwa mstari mmoja tu nami naona ndilo zito kuliko sakafu. Kadi bado iko kwa jina la marehemu. Kijana mkubwa ametoa kianzio kwa gari ambalo, kisheria, si lake wala la mdogo wake. Ni mali ya mirathi. Kama msimamizi wa mirathi hajateuliwa, hiyo ndiyo safari ya kwanza, kabla hata ya mafuta ya taa. Kikao cha ukoo kikae, kimpendekeze mtu, aende mahakamani. Kwa mirathi za Kiislamu na za kimila ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ataorodhesha mali, na kwenye orodha hiyo asiandike "gari moja bovu". Aandike namba ya usajili, ya chasisi na ya injini. Siku TRA watakapohamisha umiliki, watatazama kadi, watatazama karatasi ya mahakama, na namba lazima ziimbe wimbo mmoja. Fikiria basi kama chasisi ingekuwa imeshabadilishwa: mahakama imegawa gari ambalo halipo tena, na lililopo uani halimo kwenye mirathi. Ndugu wa marehemu ambaye hajawahi kuchangia hata lita moja ya petroli angepata pa kuanzia.

Na vijana wawekane sawa juu ya fedha, kwa daftari. Anayechangia matengenezo hajanunua gari. Kama wanakubaliana kwamba gari litakuwa la mmoja na mwingine alipwe, waandike sasa wakati bado ni kobe mwenye mayai ya kuku. Likishang'aa hawataelewana.

Kuhusu chasisi ya Morogoro, haina haja ya kutupwa kwenye mazungumzo. Gari lililokufa lina vitu vingi vya maana: ngoma za breki, mikono ya springi, bawaba, pedali, pengine hata vipande vya bati vya kulingania. Vinunuliwe vipande hivyo, muuzaji ajulikane, na risiti itaje kilichonunuliwa. Dukani Kariakoo waombe risiti ya EFD hata kama muuzaji atanuna. Chasisi yenyewe na namba yake ibaki kwa mwenye nayo. Kianzio kilichotolewa kigeuzwe kuwa malipo ya sakafu mbili na uchomeleaji, na kama fundi anasema hawezi kazi hiyo bila kuhamisha namba, Gerezani haina fundi mmoja.

Yale mabati mawili yaliyooza yakishatoka, wale vijana wa chuma chakavu watafika mlangoni siku hiyohiyo, pua zao hazikosei. Mama asiwauzie. Ayaweke nyuma ya nyumba hadi mkaguzi alitazame gari lililomalizika, aone kilichokatwa na kilichobaki, na namba ikiwa pale ilipogongwa. Baada ya hapo awauzie kwa kilo.